Kidonda cha moto kikikataa kupona, wembe na sindano ya daktari vinaweza kutosha

Kama wewe ni wa kupanda boda kila siku, huenda unayo ile alama. Iko kwenye shavu la mguu wa kulia, upana wake kama kifuniko cha soda, na uliipata siku uliposhuka mbio upande ambao ekzosi ilikuwa inachemka. Mtaani tunaicheka tu. Ni kama stempu ya kuonyesha umeishi mjini.

Kwa wengi wetu kidonda hicho hupona chenyewe, kovu likabaki, maisha yakaendelea. Lakini kuna wale ambao wiki ya pili inapita, ya tatu inapita, na kila wakitoa bandeji wanaona kitu kilekile: nyama nyekundu inayotoa maji, kingo ngumu, na maumivu usiku. Wanaenda kwa kemisti, wanauziwa mafuta. Wanarudi, wanauziwa vidonge. Mwezi unaisha. Mtu anaanza kuvaa suruali ndefu hata kwa jua kali, akiambia watu eti kinakauka.

Ebu tuulizane. Kidonda kikifika hapo kinahitaji nini? Wengi wanadhani jibu ni hospitali kubwa, mashine ya mamilioni na daktari wa ng'ambo. Kwa kidonda kidogo, jibu mara nyingi ni ngozi yako mwenyewe, vipande vidogo vilivyotolewa pajani kwa vifaa vinavyoenea kwenye sahani moja: sindano, kisu kidogo cha upasuaji, kibanio na shashi. Kinachokosekana sana ni habari, na muda ambao tayari tumeupoteza kwa kemisti.

Kwa nini vidonda vingine hukwama

Ngozi ina tabaka mbili kuu. La juu ni jembamba sana, na ndilo linalozuia vijidudu kuingia na maji ya mwili kutoka. La chini ni nene zaidi. Huko ndiko kuna mishipa ya damu, mizizi ya nywele na tezi za jasho.

Ukiungua juujuu, mizizi ya nywele na tezi za jasho zinabaki hai. Chembe za ngozi zinapanda kutoka mle ndani kama majani baada ya mvua, na kidonda kinafunga kwa takriban wiki mbili. Hapo unahitaji usafi na subira tu.

Ukiungua kwa kina, mizizi hiyo yote inakufa. Sasa ngozi mpya inaweza kutoka sehemu moja pekee, yaani kwenye kingo za kidonda, ikitambaa polepole kuelekea katikati. Kama kidonda ni kipana, haifiki. Mwili nao haukai bure ukisubiri. Unajaribu kufunga pengo kwa nguvu, kwa kuvuta kingo zikaribiane na kujaza kovu. Kwenye shavu la mguu hilo ni kovu baya tu. Kwenye kiwiko, shingo au vidole, kovu hilo linavuta kiungo mpaka kinakunja na kukataa kunyooka. Umewahi kumwona mtu ambaye vidole vyake vimejikunja ndani ya kiganja tangu alipoangukia jiko akiwa mtoto? Mara nyingi moto haukuvigusa vidole hivyo kiasi cha kuviharibu. Kovu ndilo lililovifunga.

Ndiyo maana kuna kanuni moja ambayo madaktari wanaotibu majeraha ya moto huifuata dunia nzima: kidonda cha moto ambacho hakielekei kufunga kufikia wiki ya tatu kinapaswa kufikiriwa kupandikizwa ngozi. Wiki tatu. Hiyo ndiyo saa inayohesabu wakati wewe unabadilisha mafuta ya kemisti.

Kama kupanda nyasi

Neno lenyewe, kupandikiza, tumelitoa shambani. Mkulima anaotesha miche ya sukuma kwenye kitalu, anaing'oa na kuipanda mahali pengine. Daktari naye anafanya hivyo. Kitalu ni paja, shamba ni kidonda.

Ukitaka nyasi mbele ya nyumba, unaweza kununua zile zilizokatwa kama zulia, ukatandika, na kufikia jioni kila kitu ni kijani. Ama unaweza kuchukua vijishina, ukavichomeka mmoja hapa, mwingine pale, ukamwagilia na kungoja vikutane. Zulia linapendeza haraka lakini linataka pesa na udongo uliolainishwa vizuri. Vijishina ni vya bei rahisi na vinavumilia udongo mbaya.

Pandikizo la vipande vidogo ni vijishina. Hivi ndivyo linavyofanywa. Daktari anasafisha sehemu ya paja na kuidunga dawa ya ganzi, kwa hivyo mgonjwa yuko macho na anaweza kupiga stori. Kisha anachoma ngozi kidogo kwa ncha ya sindano na kuiinua, inasimama kama kihema. Kwa kisu anakata kihema hicho chini kidogo ya ncha. Kinachotoka ni kipande cha mviringo, upana wa milimita mbili hadi tano hivi, chembamba kando na kinene kidogo katikati. Anakilaza juu ya kidonda kilichosafishwa, upande wa ngozi ukitazama juu. Anarudia, kipande baada ya kipande, akiacha nafasi ya milimita chache kati yao, mpaka kidonda kinaonekana kama ubao wa bao uliojaa kete.

Baada ya hapo inawekwa shashi yenye mafuta isiyonata, pamba, na bandeji ya kubana sawasawa. Kila kipande kinakuwa kisiwa kinachotanua kingo zake. Visiwa vinakutana na kidonda kinafunga.

Zile nafasi kati ya vipande zina kazi yake pia. Kidonda cha siku nyingi hutoa maji, na maji yakikwama chini ya ngozi iliyopandikizwa huiinua na kuiua. Kwa vipande vidogo maji yanapita katikati na kutoka nje. Hata vipande vichache vikifa, vilivyobaki vinaendelea na kazi. Kwa hivyo mbinu hii inafaa hasa vidonda vya miguu vilivyokaa muda mrefu, ambavyo havijawahi kuwa safi kabisa.

Ilianzishwa na kijana wa miaka 27

Usidhani hii ni njia ya mkato iliyobuniwa kwa sababu sisi ni maskini. Ilianzia Paris. Mnamo Desemba 1869, daktari mwanagenzi anayeitwa Jacques-Louis Reverdin, mzaliwa wa Geneva, alisimama mbele ya chama cha madaktari wa upasuaji akaeleza alichokifanya: alitoa vijipande vya ngozi kwa ncha ya kisu kidogo, akaviweka juu ya kidonda cha mgonjwa huyohuyo, na vikashika. Alikuwa na miaka 27. Hakuwa na mashine yoyote.

Mwaka uliofuata, 1870, George Pollock aliijaribu London, katika hospitali ya St George's, kwa msichana mdogo aliyekuwa na kidonda cha moto kisichopona. Ilifanya kazi. Akina Pollock walijaribu hata ngozi ya watu wengine, na hapo mambo yakawa na utata: ilionekana kushika, kisha ikatoweka. Hakuna aliyejua kwa nini.

Mwaka 1914, John Staige Davis wa hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, aliandika juu ya kukata vipande vinene kidogo kwa sindano na kisu, na hiyo ndiyo namna inayofanana zaidi na ya leo.

Jibu la fumbo la ngozi ya mtu mwingine lilikuja wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Huko Glasgow, daktari Thomas Gibson na mwanabayolojia Peter Medawar walimtibu mwanamke aliyeungua vibaya. Walimwekea vijipande vya ngozi yake mwenyewe, na kando yake vijipande vya ngozi ya kaka yake. Vyake viliishi. Vya kaka vilikufa. Walipoweka vingine vya kaka kwa mara ya pili, vilikufa haraka zaidi, ishara kwamba mwili ulikuwa umekumbuka. Walichapisha matokeo hayo mwaka 1943. Utafiti uliofuata ulimfikisha Medawar kwenye Tuzo ya Nobel mwaka 1960, na sehemu kubwa ya elimu ya kupandikiza figo na viungo vingine inasimama juu ya msingi huo. Yote yaliendelea kutoka kwa vijipande vya ngozi vya ukubwa wa punje ya dengu.

Kwa hivyo mama akisema yuko tayari kumpa mtoto wake ngozi, upendo huo tunauheshimu, lakini mwili wa mtoto utaikataa. Ngozi ya mtu mwingine inaweza kufunika kidonda kwa muda tu. Ya kudumu ni yako.

Kisu kinachovaa wembe

Vijishina vina kasoro: kidonda kikipona, mahali pale panabaki na matuta kama barabara ya changarawe. Mguuni mtu anaweza kuvumilia. Mkononi ni shida. Hapo daktari anataka zulia, yaani karatasi moja nyembamba ya ngozi, unene wa kati ya sehemu mbili na nne za kumi za milimita. Ikikatwa sawasawa, mizizi ya nywele inabaki kwenye paja, na paja linajifunika lenyewe kwa takriban wiki mbili.

Kukata karatasi ya namna hiyo kwa mkono mtupu ni kazi ngumu, na historia yake imejaa watu waliohangaika kuirahisisha. Mwaka 1934, Graham Humby wa Uingereza alieleza kisu kirefu chenye kizuizi cha kuamua unene wa ngozi inayokatwa. Visu vya ukoo huo, vilivyoboreshwa na wengine baada yake, bado viko kwenye vyumba vya upasuaji Afrika nzima. Msaidizi anavuta ngozi ya paja kwa ubao ili ikae tambarare, inapakwa mafuta, na daktari anasogeza kisu mbele na nyuma kama anayekata mkate, bila kukandamiza. Kabla ya kukata anainua kisu kwenye mwanga aone kama mwanya uko sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Macho na mkono ndivyo vipimo vyake.

Mwaka 1939 Earl Padgett wa Marekani, akisaidiwa na mhandisi George Hood, walileta kifaa chenye pipa la kugandisha ngozi kwa gundi. Mwaka 1948 ikaja mashine ya umeme ya Harry Brown, daktari aliyepata wazo hilo akiwa mateka wa Wajapani huko Ufilipino. Mashine za leo ni wajukuu wa hiyo. Ni nzuri, hakuna anayebisha. Kwa mtu aliyeungua nusu ya mwili, mashine inakata ngozi pana kwa haraka na kwa usawa ambao mkono hauwezi kuufikia. Lakini zinagharimu maelfu ya dola, zinataka umeme ama hewa ya kushindiliwa, makali yake ni ya kampuni maalum, na zikiharibika zinangoja fundi.

Sasa njoo kwa kidonda cha ukubwa wa stempu au kiganja. Kuna kisu kidogo kiitwacho kisu cha Silver. Ukikiona utacheka, kwa sababu kinafanana na mashine ya kunyolea ya babu. Makali yake ni wembe wa kawaida wenye makali pande mbili, ule unaouzwa dukani. Wembe unawekwa, mwanya unarekebishwa, kipande cha ngozi kinakatwa, wembe unatupwa. Mgonjwa anayefuata anapata wembe mpya. Mwaka 1968 daktari mwingine wa Marekani, Dicran Goulian, alieleza kifaa kama hicho, kisu kifupi chenye kizuizi cha kubadilisha kulingana na unene unaotakiwa, na katika kichwa cha makala yake alikiita kifaa cha bei nafuu. Alikuwa Marekani, si kwetu. Hata huko waliona hakuna haja ya kuwasha mtambo kwa sababu ya kidonda cha inchi mbili.

Kazi nyingine ambayo imepata mashine ni kuitoboa ngozi ili inyooke kama wavu na kufunika eneo pana zaidi. Mashine hiyo ilielezwa mwaka 1964 na akina James Tanner. Bila mashine, daktari anatandaza ngozi kwenye kibao safi na kuichana vijitundu kwa kisu, kimoja kimoja. Haitanuki kama ya mashine, lakini maji ya kidonda yanapata njia ya kutoka, na hilo mara nyingi ndilo muhimu.

Kuna pia pandikizo la unene wote wa ngozi, linalotumiwa daktari anapofungua vidole vilivyokunjwa na kovu. Hili halihitaji hata kisu cha Silver. Kipande kinakatwa kwa kisu cha kawaida cha upasuaji kutoka kwenye kinena au upande wa ndani wa mkono, mafuta ya chini yanapunguzwa kwa makasi, kinashonwa mahali pake, na pale kilipotoka panashonwa pia. Ngozi nene hivyo hairudi kujikunja kwa urahisi kama ile nyembamba.

Sirinji nayo imo

Kama una rafiki mwenye mbalanga, ule ugonjwa wa ngozi kupoteza rangi na kuacha mabaka meupe, sehemu hii ni yake. Mwaka 1971 Rafael Falabella wa Kolombia alieleza namna ya kuinua ngozi ya juu kabisa kwa kuivuta na hewa mpaka inafanya lengelenge, kisha kuhamisha kifuniko cha lengelenge hilo hadi kwenye baka. Mashine za kuvuta hewa zipo na ni ghali. Madaktari wa India walionyesha kwamba sirinji ya plastiki inatosha: inaegemezwa kwenye paja, hewa inavutwa, kilango kinafungwa. Saa moja hadi tatu hivi baadaye, malengelenge yako tayari. Wengine hutumia panchi ndogo yenye upana wa milimita moja au moja na nusu kutoa vijipande kama vya karatasi iliyotobolewa.

Haimfai kila mtu. Mabaka yanapaswa kuwa yametulia, hayaendelei kuenea, na daktari wa ngozi ndiye wa kuamua. Ila ni mfano mwingine wa kazi nyeti inayofanywa kwa kitu ambacho kila zahanati inacho kwenye droo.

Mahali wembe unapofika mwisho

Sasa tusidanganyane. Vifaa kuwa rahisi hakumaanishi kazi ni rahisi, na hakuna hata kipande kimoja cha makala hii cha kujaribu kwenye plot.

Kwanza, usafi. Kisu kinachemshwa kwa mvuke wa shinikizo, wembe ni wa mgonjwa mmoja, dawa ya ganzi ina kipimo chake kulingana na uzito. Wembe mmoja ukitumiwa kwa watu wawili, unaweza kuhamisha virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini.

Pili, kidonda lazima kiwe tayari. Nyama iliyokufa inaondolewa kwanza. Kinachotakiwa ni nyama nyekundu, safi, isiyo na usaha. Kuna bakteria wa aina ya streptokoki ambao wakiwa kwenye kidonda wanaweza kumaliza pandikizo zima kwa siku chache.

Tatu, kutulia. Siku mbili za kwanza kipande cha ngozi hakina damu yake. Kinafyonza maji ya kidonda kama sponji. Karibu siku ya pili au ya tatu mishipa midogo inaanza kuungana, na kufikia siku ya tano hadi ya saba damu inapita. Ukikisugua kabla ya hapo, mishipa inakatika na kipande kinakufa. Ndio maana bandeji huachwa kwa takriban siku tano bila kufunguliwa, mguu ukiwa juu. Hapa ndipo hasla inaumana na dawa. Jamaa wa boda akirudi kwenye stage siku ya pili kwa sababu mwenye pikipiki anataka hesabu yake ya siku, kazi yote imeharibika, na hakuna mashine ya bei yoyote ingemwokoa. Ukitaka kumsaidia rafiki aliyepandikizwa ngozi, mchangie kodi ya hiyo wiki moja.

Nne, makovu. Paja nalo litabaki na alama, na ngozi iliyopandikizwa inaweza kuwa nyeusi zaidi au nyeupe zaidi ya jirani yake. Kama ukoo wenu una tabia ya makovu kufura, yale tunayoita keloidi, mwambie daktari mapema.

Tano, kuna vidonda ambavyo si vya vijishina hata kidogo: vya uso, vya viungo vinavyokunja, vya umeme, vile ambavyo mfupa au kano inaonekana, na vya eneo kubwa la mwili. Hivyo ni vya kitengo cha majeraha ya moto, kama kile cha Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Kidonda cha mguu kwa mtu mwenye kisukari, au chenye shida ya mishipa ya damu, kinahitaji chanzo kitibiwe kwanza, la sivyo ngozi mpya itaoza kama ile ya zamani.

Kwetu si jambo geni

Nchi hii inaujua moto. Sachangwan mwaka 2009, Sinai mwaka 2011, Embakasi Februari 2024. Majanga hayo tunayakumbuka kwa sababu yalikuja na vifo vingi na kamera nyingi. Lakini moto unaojaza wodi zetu siku kwa siku hauna kamera. Ni sufuria ya uji iliyovutwa na mtoto, chai iliyomwagika kwenye nyumba ya chumba kimoja ambako jikoni na kitanda vinatenganishwa na pazia, mafuta ya mandazi, stovu ya mafuta ya taa, meko iliyovuja.

Na kuna kitu ambacho wengi hawajui kuhusu Amref, wale madaktari wa ndege. Shirika hilo, lililoanzishwa mwaka 1957, lilitokana na wazo la madaktari watatu, na wote watatu walikuwa wapasuaji wa kurekebisha maumbile: Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees. McIndoe ndiye aliyejulikana kwa kuwatibu marubani wa Uingereza walioungua nyuso na mikono wakati wa vita. Kwa maneno mengine, mojawapo ya mashirika makubwa ya afya Afrika lilianzishwa na watu ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa kuhamisha ngozi. Waliona watu wa vijijini wakiishi na majeraha na makovu ambayo yangeweza kurekebishwa, kama tu mwenye ujuzi angewafikia.

Hata leo mabingwa wa fani hiyo ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Ndiyo maana mbinu ndogo ni muhimu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu upasuaji katika hospitali za wilaya, wa mwaka 2003, unaweka upandikizaji wa ngozi miongoni mwa kazi ambazo daktari wa hospitali kama hiyo anaweza kuzifanya. Kisu na wembe havihitaji tenda ya kaunti iliyokwama miezi minane. Vinahitaji mtu aliyefundishwa, muuguzi anayejua kufunga bandeji, na mgonjwa aliyefika mapema.

Basi ufanye nini

Ukiungua leo, ama mtoto wa jirani akiungua, maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20. Si barafu. Si dawa ya meno, si unga, si mayai, si mafuta ya kupikia. Toa pete, saa na bangili kabla mkono haujavimba. Nguo iliyonata usiibandue. Funika kwa kitambaa safi na uende hospitali, hasa kama ni mtoto, ni uso, mikono, nyayo au sehemu za siri, ama kama sehemu iliyoungua ni nyeupe au nyeusi na haisikii uchungu. Kutosikia uchungu si habari njema. Ni dalili kwamba moto umeingia ndani.

Andika tarehe. Kwa simu tu, inatosha. Piga picha ya kidonda kila siku chache, kwa umbali uleule, ukiweka sarafu kando yake ili ukubwa uonekane. Wiki ya pili ikiisha na picha zinafanana, toka kwa kemisti.

Ukifika hospitalini, uliza moja kwa moja: Kidonda hiki kinahitaji kupandikizwa ngozi? Hapa mnafanya mapandikizo madogo? Kama hamfanyi, mnanipeleka wapi, na lini? Uliza pia SHA inalipia nini na wewe unalipa nini, kabla hujalazwa. Na ukiambiwa lazima ungoje mashine, una haki ya kuuliza kwa heshima kama kidonda cha ukubwa wako hakiwezi kufanywa kwa kisu cha mkono. Huenda jibu likawa hapana, na daktari akakueleza sababu. Huenda pia akakuangalia mara mbili, kisha akauliza uko huru Jumanne.